Ernesti Alilala Wapi

Kambini, Kasulu
18 Januari 1998

Wifi yangu Shadia,

Hamjambo huko Ujiji? Mama na mguu wake je? Mimi mzima, homa imeniachia, nipo mwenyewe na mvua.

Leonardi wa lori ameleta gazeti ulilonitumia. Limelowa pembeni lakini linasomeka. Wifi, utaniua na hadithi hii! Nilipowasomea bombani, wanawake waliacha ndoo zinafurika. Sasa tumegawanyika. Wengine wanataka Rukia amngoje mumewe Nassoro aliyepotelea machimboni, wengine wanataka aolewe na Ernesti fundi redio. Jana nusura washikane. Watu hawana kuni wala chumvi, wanagombea mume wa gazetini!

Nikwambie la moyoni. Gideon, yule seremala aliyenitengenezea mlango, anataka tuoane. Mwaka umeshapita tangu mimi na kaka yako Assani tupotezane ufukweni Baraka, ng'ambo ya ziwa, siku ile ya risasi. Sijui nina mume au sina. Gideon huja kusikiliza hadithi, anasimama nyuma kabisa. Nikimtaja Ernesti, ananitazama.

Niandikie, nakusumbua sana.

Wifi yako,
Elida


Ujiji
2 Februari 1998

Wifi Elida,

Tumepata barua, tumefurahi. Mama anakusalimu, mguu uko vilevile. Nimecheka mpaka akaniuliza nina nini.

Mimi niko upande wa Nassoro, usinigombeze. Assani na mimi baba yetu mmoja, nisemeje tena? Boti zikitoka ng'ambo nateremka Kibirizi kuulizia. Hakuna aliyemwona, lakini hakuna pia aliyesema amemzika. Ngoja kidogo, wifi yangu, nakuomba.

Nimewaza kwa nini hadithi hizi zinatunogea hivi. Wapendanao wakiwa wawili tu, unasoma mara moja halafu unafungia karanga. Wakiwa watatu, usingizi hauji. Nadhani kila msomaji anajifanya yeye ndiye Rukia. Mimi hapa nimeachika, hakuna hata mmoja anayeniulizia, lakini nikishika gazeti wanaume wawili wananigombea! Raha iliyoje.

Ila mvua imekata reli. Treni haiji, gazeti haliji, na sehemu ya mwisho ilikuwa itoke wiki hii. Waambie watu wako wavumilie.

Wifi yako akupendaye,
Shadia


Kambini
29 Machi 1998

Wifi Shadia,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi nasukuma siku.

Hawakuvumilia. Walinijia mpaka mlangoni: tumalizie wewe, Rukia unamjua. Nikasimama bombani mikono mitupu, bila gazeti. Safari hii Gideon alikuwa mbele. Nikaona kabisa kwamba mwisho wowote nitakaousema, ndiyo nimemjibu. Watu wote wanasikiliza, na yeye ananiangalia mdomoni.

Nikakukumbuka wewe na boti zako. Nikasema Nassoro alirudi, Rukia akamkimbilia barabarani bila viatu. Vigelegele vikapigwa! Gideon alipiga makofi pamoja na wenzake, akaenda zake. Kesho yake akajiandikisha kurudi kwao na meli.

Ndiye aliyekuletea barua hii. Mkaribishe hata maji, ni mtu mzuri.

Nimefanya sawa, sivyo wifi? Niandikie kwamba nimefanya sawa.

Wifi yako,
Elida


Ujiji
4 Aprili 1998

Wifi Elida,

Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe. Sisi wazima.

Kaka Assani yu hai. Hamdani, mfanyabiashara wa vitenge, amekula nyumbani kwa kaka, Kalemie ng'ambo. Kaka aliambiwa mtumbwi wenu ulizama, hakupona mtu. Alikuwekea matanga, wifi, akalia mpaka watu wakamwogopea. Sasa ana mke mwingine, na mtoto wa kike bado ananyonya. Wamempa jina lako.

Hajui kwamba u hai. Nimemzuia Hamdani asiseme neno mpaka nikusikie.

Kuna jingine, na hili linanichoma mimi. Gideon alipobisha hodi, habari hizi nilikuwa nazo tayari. Alikaa kwenye mkeka, akanywa maji, akaniuliza kama nina ujumbe wa kukufikishia kwa watu wa lori. Nilitaka kupiga kelele. Lakini ningemwambiaje yeye kabla yako wewe mwenye mume? Na mimi ndiye wifi! Nikanyamaza. Alipoondoka nikafungua barua yako, nikasoma, nikakimbilia bandarini na kanga ya ndani. Meli ilikuwa imeshaondoka. Nilikaa chini palepale, wapagazi wakadhani nimefiwa.

Mimi ndiye niliyekuambia ungoje.

Reli imefunguliwa. Sehemu ya mwisho ya hadithi, hii hapa.

Wifi yako,
Shadia


Kambini
10 Mei 1998

Wifi Shadia,

Nimekawia kujibu, usidhani nimekasirika. Mwili mzima, moyo ndio hautaki. Mpe mama pole.

Hukukosea kumnyamazia Gideon. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo.

Gazeti nimelisoma peke yangu. Mwandishi naye amemrudisha Nassoro. Ernesti amepewa mstari mmoja: akafunga kibanda chake, akaondoka. Basi! Nimegeuza ukurasa nyuma nikitafuta habari zake, nikakuta tangazo la sabuni. Ulisema kweli, sote tunajifanya Rukia. Hata mimi nilijiona katikati, wanaume wawili, huku na huku, kumbe mwenzenu nilishakuwa Ernesti zamani.

Kaka yako usimwambie. Yule mwanamke hajaninyang'anya kitu, na mtoto mchanga hana kosa. Matanga yangu ameshayalia, nirudi nikafanye nini? Nimelia sana kuandika hivi, lakini usimwambie. Ila Hamdani akija, muulize mtoto anafanana na nani.

Leo wanawake bombani wameniuliza gazeti limemalizaje. Nikawaambia ni vilevile nilivyosema mimi. Wakafurahi, wakapongezana. Nikawauliza: jamani, Ernesti alilala wapi siku ile? Mmoja akacheka, akasema dada, wewe nawe! Wakarudi kwenye ndoo zao.

Usitume tena magazeti. Andika barua tu.

Ni mimi wifi yako, kama bado naweza kukuita hivyo,
Elida