Vigae Vyako na Vyungu Vyangu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mgori tumeshavuna alizeti, na mguu wa babu yako una nafuu.

Unaniuliza kama kweli una mikono mibaya, kwa kuwa vile vigae vya kauri vya kupitisha umeme bila kuupoteza vinapasuka kila mkivichoma. Umesema pia kwamba mwalimu wako ndiye anayefungua tanuri kabla halijapoa. Nimekasirika mpaka chai imepoa mezani!

Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, nikiwa mke mgeni hapa, mfanyabiashara alikuja na lori kutaka vyungu. Sisi tukishavichoma huviacha kwenye majivu mpaka kesho yake. Yeye alikuwa anapiga honi tu. Mama mkwe akaamuru vitolewe.

"Mama, bado vina moto," nikasema.

Upepo wetu wa Singida ukavipiga, vikalia ta! ta! ta! vyote. Unajua walisema nini? Eti mgeni ana mkono mbaya. Nikakatazwa kugusa udongo msimu mzima, mimi niliyewaonya!

Mwaka uliofuata nilichoma chungu changu peke yangu nyuma ya zizi, nikakiacha kwenye majivu siku mbili. Mama mkwe alipikia mlenda humo mpaka alipofariki. Pole hakunipa.

Kwa hiyo usimwombe mtu msamaha. Siku ya kuchoma, simama mbele ya mlango wa tanuri, na mwalimu akija, mwambie bado vina moto. Mwambie kwa sauti, wenzako wote wasikie.

Bibi yako