Firigisi ya Baba

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Nairobi kwenye baridi. Mimi ni mzima, mgongo tu unaniuma kwa kusimama. Na mguu wako, umepoa? Mvua imefika Mutomo, au mnaitazama tu ikienda kwa wenzenu?

Umeniuliza kwa nini Baba alirudi bila neno, na sasa hataki kusikia habari za mbuzi wa mahari wa kupeleka kwa wakwe wa kaka yangu Nzioka. Nilikuwepo, nitakueleza.

Nzioka alimleta hapa ninapofanya kazi, hoteli ya kuku na chipsi yenye matawi mji mzima. Alitaka kumheshimu, hilo lazima niseme. Alivaa tai, akaagiza sahani kubwa kabisa. Nilikuwa jikoni nikiwachungulia kwenye dirisha la kupitishia sahani. Baba akapindua vipande, akatafuta hadi chini ya chipsi.

"Nzioka, firigisi ya hii kuku imekulwa na nani?"

Kaka akacheka. "Baba, hiyo ni chakula ya huko nyumbani. Watu wa town hawakulangi vitu za tumbo." Meza ya jirani nayo ikacheka.

"Kumbe kwako mimi nilishakufa," Baba akasema. Akavaa kofia yake akatoka. Mwaitu, niliumia sana, maana kwetu firigisi hailiwi na mwingine baba wa nyumba akiwa hai.

Mwambie hakuna aliyeila. Kuku hao hutufikia wamekatwakatwa, wamegandishwa, bila shingo wala maini. Aliyewachinja hatumjui. Ladha yao ni chumvi na mafuta ya jana, na Nzioka anayewasifu alikuzwa kwa muthokoi wa mahindi ulioutwanga wewe. Angemweleza Baba hivyo tu, yangeisha. Lakini alicheka.

Jumapili baada ya kanisa Nzioka alikuja kwangu, akakaa kitandani. Anajua bila Baba mbuzi hao hawatapokelewa, na wazazi wa msichana wameanza kuuliza. Maringo yote yamemwisha.

Nisalimie nyanya, shangazi wa sokoni, na mama mchungaji anayetuombea.

Tunakuja Pasaka. Yule jogoo mwekundu usimguse. Nzioka atamchinja, ataiosha firigisi na kuipika mwenyewe, na atampa Baba kwa mikono miwili mbele ya majirani, maana alimcheka mbele ya watu. Na Baba akikataa kuipokea, tafadhali, mtu asiile. Iacheni kwenye sahani yake.

Ni mimi bintiyo,
Mueni