Ubao Uliogoma Kutoka

Jumatatu, 3 Machi

Mwizi! Onodera wa meza ya pili ametuma kazi yangu kwa wasimamizi wa kiini cha mfumo, ile programu mama inayoendesha kompyuta, huko mtandaoni, na jina la mwandishi ni lake. Lake! Kuchomoa ubao wa kumbukumbu huku kompyuta inaendelea na kazi – nani aliyeumiza kichwa juu ya jambo hilo hapa Kawasaki? Mimi, huku yeye akila tambi za soba kantini. Nimemwuliza, kacheka. "Aa, Bi Chizuru, kwani sisi si timu moja?" Timu, mwone! Atanitambua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeisoma aliyoituma. Lo! Kakata kipande kizima, eti kinarefusha kazi bure. Mjinga! Ndicho hasa kinachokizuia kiini kuweka vitu vyake kwenye ubao ule. Data za programu hazina shida, unazihamishia ubao mwingine. Vya kiini chenyewe havihamishiki. Kimoja tu kikikaa pale, ubao hautoki ng'o.

Nilinyanyuka nikamwambie. Nikakaa tena.

Jumatatu, 10 Machi

Majaribio yote yamepita. Yasipite kwa nini? Kila mara wanaiwasha mashine upya, bado ina nafasi tele. Ya kuwaonyesha wateja Ijumaa itakuwa imechapa kazi wiki nzima, imejaa pomoni, na kiini kitakuwa kimeshamwaga vitu vyake hadi kwenye ubao ule.

Mkuu Hirasawa kazunguka meza kama kawaida yake, anauliza mmoja mmoja: kuna dosari? Nikainamisha kichwa. Hakuna, Mkuu. Raha niliyoisikia! Wala sioni haya.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika chooni.

Imegoma! Onodera kauamuru ubao utoke – mashine ikajibu bado unatumika. Akaamuru tena – bado unatumika. Jasho likamchuruzika mbele ya wateja. Nilijibana nisicheke.

Kisha mteja mmoja, mzee mpole, akauliza: kazi hii hasa ni ya nani?

Onodera akanigeukia, akainama mpaka kiunoni. "Ya Bi Chizuru. Kila mstari ni wake."

Shetani mkubwa! Chumba kizima kikanitazama. Hirasawa akaninong'oneza kwa hasira: si ulisema hakuna dosari? Nikasema nanawa mikono, narudi.

Sasa mlango unagongwa. Ni Onodera, sauti laini kama ya bwana harusi.

"Bi Chizuru, wanamsubiri mwandishi."