Kaye Iko Chini ya Mikono Yako

Yaya Bea, dada yangu mukubwa,

Saa hii mutoto wangu Ruti amesukuma kiti mupaka ku mulango akasema, "Tantini, ikala," vile alikuwa anakuita. Hakukuwa mutu. Akangoja, kisha akacheka kama mutu anamufinya shavu. Sikumukataza. Hata mie, mu mikutano ya wodi, ninasikia biki yako inakwaruza karatasi nyuma yangu. Nikigeuka, benchi ni tupu.

Unakumbuka vile tulianza, weye na mie, bila kutumwa, kuikala nyuma na kuandika mu kaye yako, ile daftari, yote Konsela, diwani wa wodi, anasema? Alichekesha batu juu yetu, kama tumekosa mabwana ba kulinda, sasa tunamulinda yeye. Weye ukamujibu polepole, "Papa Konsela, bwana wangu hakuniahidi pompi ya maji." Na kila mukutano ukiisha ulisimama ukamusomea maneno yake, naye anaitika tu.

Sasa pompi ile ya maji, ya bamama ba kuanika samaki hapa Kashikishi, anasema hakuahidi kuiweka ku ziwa. Eti alisema ku barabara, karibu na kwake. Na sisi tunachota mule mule mu ziwa tunaoshea samaki. Ruti ameharisha mara mbili tangu uende, Yaya. Ile ya pili macho ilimuingia ndani, nikafikiri unakuja kumuchukua.

Nilibisha mbele ya batu. Konsela akasema, "Mulete kaye ya marehemu. Ikisema hivyo, nitakubali." Bote bakaniangalia. Nikaikala chini.

Ni mie niliiweka mu sanduku yako ya maziko, chini ya mikono yako. Nilifikiri, Yaya ataenda namna gani bila kaye yake? Sikufungua hata ukurasa mumoja.

Juzi nilikuja ku kaburi na jembe. Nilisema ninapalilia, na kweli nilipalilia. Lakini weye ulijua nilikuwa nafikiri nini. Unisamehe.

Lala, Yaya. Siku ile nilikuwa nalia tu, sikukuaga. Leo ninakuaga. Sitakuamsha, ninakuahidi. Leo nitasimama mu mukutano, niseme ni mie nilizika kaye. Kisha nitaita bamama bote balikuwa pale siku aliahidi, kila mumoja aseme kwa kinywa chake alisikia nini, na mie niandike mbele ya Konsela, majina yote, hata kama ninaandika polepole, hata kama banacheka.

Mama Chola, mwenzetu wa kuanika samaki, ananiita inje, banaanza. Yaya, ninachukua biki na karatasi, ninaenda.