Koleo Ambalo Baba Hajalikagua

Doha, Ijumaa

Kwako Mama,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakupata una nguvu, na kwamba goti lako limetulia sasa baridi ya huko imepungua. Mimi kwa mwili ni mzima. Nauliza hali yako, hali ya Njoroge, na hali ya Shosho, mamake Baba, kule Njoro. Hali ya Baba siulizi. Nimejua, Mama.

Tafadhali usimgombeze Njoroge. Hakuniambia kwa kupenda, nilimbana. Na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tutalia tu, na nina maneno nataka uyafikie yote. Barua anakuletea Achieng', tunayefanya naye kazi kwenye dobi ya hoteli. Anakuja likizo na atapitia Nakuru. Atakupa pia koleo, na ni kwa sababu ya koleo hilo nimejua mlichonificha.

Unakumbuka mara ya mwisho nilipoongea na Baba, kabla hajalazwa. Nilimuuliza kifua, yeye akanijibu koleo. Lile lake kubwa la kurekebisha mdomo, la kufungulia mabomba na pampu, lilikuwa limelika meno, likiteleza kila mara na kumgongesha vidole kwenye chuma. Alisema huku niliko lazima kuna ya maana, nimtafutie moja. "Lakini Maitu, usidanganywe na kung'aa," aliniambia. "Hata sufuria mpya inang'aa." Aliniita Maitu, mama yake, kama siku zote, kwa vile nina jina la Shosho. Tulicheka, akakohoa, akasema atanipigia.

Kisha mkaniambia ametoka hospitali, ila daktari amemkataza kuongea mpaka koo lipone. Nikaanza kupokea ujumbe kutoka kwa namba yake. Maitu, niko sawa. Maitu, Mungu akubariki. Niliamini, Mama. Nilinunua tende nikawagawia wenzangu wote wa dobi kumshukuru Mungu kwamba Baba amepona. Kumbe siku hizo nyinyi mlikuwa mmekaa matanga, na mimi huku nakunja shuka za watu nikiimba.

Siku yangu ya kupumzika nilikwenda kwenye mtaa wa maduka ya vyombo vya ufundi. Nilimwomba Bishnu anisindikize, Mnepali anayetengeneza mashine zetu za kufulia. Nikachagua makoleo mawili. Moja lilikuwa na mpini mwekundu, la kusogeza mdomo kwenye mifereji. Lingine lilikuwa la bluu, lina kitufe ambacho ukikibonyeza mdomo unasogea, ukikiachilia unajifunga hapo hapo. Nikayakagua vile nilivyomwona Baba akifanya pale kwenye kibanda chake cha ufundi Kaptembwo, nikiwa nimekalia debe baada ya shule. Nilifunga mdomo wa kila koleo nikauelekeza kwenye taa kuona kama meno yanakutana sawasawa. Nikausogeza hatua moja moja nikisikiliza kama unaingia vizuri kila mahali au unaruka. Niliweka kidole katikati ya mipini nikakaza, kujua kama itambana fundi koleo likiteleza. Nikaazima tupa ndogo ya Bishnu nikagusa meno, maana chuma kigumu tupa huteleza juu yake, na chuma laini huacha unga. Mwenye duka alinitazama kama ninayemharibia mali, nami nikajifanya sijamwona, kama alivyokuwa akifanya Baba.

Lile jekundu lilikuwa linacheza kwenye pini. Ukilitikisa karibu na sikio unasikia. Hata hivyo niliyapiga picha yote mawili nikamtumia Baba, kwa sababu raha ya kumnunulia Baba chombo ni kubishana naye. Jibu likaja haraka: Maitu, chukua yoyote, zote ni poa.

Nikadhani ni uchovu wa ugonjwa. Nikaandika tena kwamba jekundu linacheza kwenye pini, je, nilichukue hivyo hivyo? Jibu likaja: Haina shida, itakaza ikitumika.

Mama, pini haikazi kwa kutumika. Inazidi kulegea. Wewe mwenyewe unajua, na hujawahi kushika koleo ila kutolea sufuria jikoni. Baba alitembea na mvua kutoka Kaptembwo hadi mjini kurudisha koleo kwa kasoro hiyo hiyo, akasimama mbele ya kaunta mpaka wateja wengine wakaanza kumtetea. Ni Njoroge pekee katika nyumba yetu angeweza kuandika hivyo, yeye aliyekuwa akikikimbia kibanda kama paka anavyokimbia maji.

Na hakuniuliza kasoro. Hilo ndilo lililonimaliza. Unamjua mumeo. Chombo kipya hakitundikwi ukutani mpaka kasoro yake ijulikane, na ikijulikana anachovya kijiti kwenye rangi nyekundu na kutia doa pale pale, ili kila anayekishika ajue pa kuangalia. Alisema kila chombo kina kasoro, na ile usiyoijua ndiyo itakayokuumiza. Hata siku niliyomleta yule kijana wa mtaa wa Section 58 kunywa chai, alipoondoka tu Baba aliniuliza kasoro yake ni ipi. Nikasema sijaiona, akasema basi bado sijamjua. Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

Nikapiga simu pale pale dukani. Ikaita muda mrefu kabla ya kushikwa. Sikusikia mtu, nilisikia kuku tu, na nikajua niko nyumbani kwetu. Nikasema, "Njoroge, mpatie Baba simu. Hata kama haongei, nataka nisikie akipumua."

 Akaanza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa pua.

"Ni mimi, sister," akasema. "Ni mimi tu nimekuwa nikiandika. Tulishamzika. Mum alisema usiambiwe mpaka urudi."

Nilikaa chini, kwenye katoni ya misumari. Bishnu alikwenda kuniletea maji. Mwenye duka aliacha kunikasirikia, akazima redio yake. Nilikuwa bado nimeshika koleo la bluu, nikawa nalifungua na kulifunga, nalifungua na kulifunga, na halikuteleza hata mara moja. Nikalilipia. Bishnu hakuwa ameelewa Kiswahili chetu, alidhani ni habari za ugonjwa tu. Njiani akasema baba yangu atalifurahia, nami nikamjibu kwamba ndiyo, atalifurahia sana.

Sasa nataka nikuambie ukweli, kwa sababu mmoja wetu lazima aanze. Nimekukasirikia. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nyinyi mlificha hadi na kifo chenyewe. Mlimnyima Baba mtoto mmoja wa kumlilia. Nimelia peke yangu kwenye chumba cha kuhifadhia sabuni, nikitoka nafuta uso naenda kupiga shuka pasi, na nikiulizwa nasema ni dawa ya kufulia imeniingia machoni.

Lakini pia najua ulivyowaza. Ulimkumbuka yule binti wa jirani aliyeambiwa msiba kwenye simu akiwa kazini ugenini, akaanguka, akaletwa nyumbani asiyejua hata jina lake. Najua wazee walikaa wakasema mtu wa mbali haambiwi kifo, husubiriwa afike mlangoni ndipo ashikwe mikono. Ndivyo tunavyofanya kwetu, na hata mimi ningekuwa huko pengine ningekubaliana nao. Sina chuki, Mama. Nina uchungu, na uchungu wangu umechelewa. Nyinyi mmeshamaliza kunyoa nywele na kurudisha viti vya watu, na mimi ndiyo kwanza nafika matangani, sikuti mtu.

Kwa hiyo nakuomba uniandikie. Niambie alikufa saa za mchana au alfajiri, na nani alikuwa amemshika. Niambie mlimvalisha lile koti la kahawia au mlilisahau kwa fundi cherehani. Mmemlaza upande gani wa shamba la Njoro, karibu na miti ya plamu au kule chini panapopandwa ngano, ili nikifumba macho nijue pa kuelekea. Niambie kama aliniulizia. Kama hakuniulizia, pia niambie. Usinichagulie yale mazuri tu.

Koleo mpe Njoroge. Ameniambia anataka kuendelea kufungua kibanda, na nimemwambia asipojua pini bora auze maandazi, akacheka kidogo. Mwambie alitumie kwa mabomba na pampu, asilishike kwa kichwa cha nati maana litaila pembe. Avute kuelekea upande ambao meno yanauma, asilazimishe kinyume. Akimaliza alifute na kitambaa chenye mafuta. Lile la Baba lililolika meno asilitupe. Aliache kwenye msumari wake, na hili jipya aliweke mezani. Asilitundike.

Nisalimie Shosho, umwambie jina lake bado liko hai huku, na kwamba hana tena haja ya kukwepa simu zangu ili nisisikie msiba kwenye sauti yake. Msalimie shangazi aliyekaa nawe siku zote hizo, Mungu amzidishie. Nisalimie pia mzee wa kanisa aliyeongoza mazishi, na mama muuza chai anayepakana na kibanda, najua alilia.

Hapa mwisho ndipo nilipozoea kuandika salamu za Baba. Bado ninazo, sijui pa kuzipeleka. Ukienda Njoro mpelekee wewe. Mwambie koleo nimelipata. Nimelitazama kwenye taa, nimelitikisa sikioni, nimelibana na kidole changu mwenyewe, na kasoro yake sijaiona. Mwambie nimeshindwa, aniambie iko wapi.

Ni mimi binti yako,
Wambui