Mashua ya Watu Wawili

Shambani, Karatu
Jumapili mchana

Mwanangu Shabani,

Kwanza hali yako. Kifua kimeacha kukubana? Na bibi yako, miguu yake je? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Kahawa imeiva, wachumaji ni wengi, kutwa niko jikoni na mwiko. Barua hii naiandika mwenyewe kwa kisomo changu cha watu wazima. Mwandiko ukipinda usinicheke, isome mpaka mwisho.

Uliniuliza ile mashua ya mashindano ya Mzee mwenye shamba imeundwaje. Kosa langu, nilikusifia mno kwake, nikasema mwanangu wa Tanga ni seremala na tanga analijua, ndipo akasema atakupa. Basi nimeipima kwa upande wa kanga. Urefu kanga tatu, upana kanga moja na shubiri. Ni ya plaiwudi nyembamba, wanaume wawili wanaibeba kama jeneza. Nyuma pana, chini karibu bapa. Mzee anasema ndiyo maana ikipata upepo haipasui maji, inapanda juu yake inateleza. Katikati ina ubao unaoshushwa majini isisukumwe upande. Lakini tanga lake kubwa kuliko mwili. Mtu mmoja hawezi. Mmoja anashika usukani, wa pili anajifunga mkanda wenye kulabu, ananing'inia nje kwa waya utokao juu ya mlingoti, miguu ukingoni, mgongo juu ya maji. Huyo asipokuwepo, upepo ukivuma inalala papo hapo.

Huyo wa pili alikuwa mdogo wake Mzee. Waliiunda wote wawili. Akazama mashindanoni, zamani, maiti haikuonekana. Tangu hapo mashua ikakaa ghalani na magunia ya kahawa.

Sasa sikiliza. Juzi asubuhi Mzee aliishusha kwenye bwawa la shamba, aijaribu kabla ya kukupa. Upepo ulikuwa unateremka kutoka Ngorongoro pamoja na ukungu wake. Nikapeleka chai. Nikaiona mashua inakuja mbio, imesimama wima, waya umekaza, Mzee yuko usukani, mtu ananing'inia nje. Nikamimina vikombe viwili. Ilipogusa ukingo akashuka Mzee peke yake. Waya ukalegea.

"Mzee, mwenzio yuko wapi?"

Akavitazama vikombe. Akacheka kwa furaha, mwanangu, mpaka machozi. "Kumbe na wewe umemwona, Mama Shabani! Nilidhani ni uzee wangu."

Nikamweleza Mama Paskalina, Mmbulu wa Rhotia anayekamua ng'ombe hapa. Akaweka ndoo chini. "Dada, kwetu mtu akifiwa anajitenga, hachangii maji na wenzake mpaka muda wake uishe. Huyu mzee hakujitenga hata siku moja. Sasa amemleta maiti wake kwenye maji yetu sote."

"Ninyi watu wa milimani mnaogopa mashua tu," nikamwambia.

"Haya, wewe wa pwani usiyeogopa, kateke."

Sikwenda. Na ng'ombe tangu juzi wanafika bwawani, wananusa, wanarudi na kiu yao.

Jana Mzee kaja jikoni. Hasemi tena habari ya kukuletea mashua kwa lori. Anataka wewe uje huku ushike usukani, mikono yake imechoka. Akauliza uzito wako, maana wawili lazima walingane na tanga. Nikadanganya, Mungu anisamehe, nikasema umenenepa kama gunia, utaizamisha. Akafikiri.

"Haidhuru," akasema. "Mdogo wangu siku hizi ni mwepesi sana."

Shabani, najua unavyoitamani mashua hiyo. Usije. Anwani yako Mzee anayo, nilimpa mwenyewe, na ofisini ana taipu. Ikija barua ya taipu, ikija telegramu, ikisema mama anaumwa, mama kalazwa, usije. Nikiumwa kweli utauona mwandiko huu huu uliopinda, na hata hapo nitakuambia usije. Lori la kahawa linashuka Ijumaa. Nashuka nalo, kazi nimeiacha, hata kama bado sijamwambia.

Mpe shikamoo yangu bibi yako, umkande miguu kwa mafuta ya moto. Msalimie mjomba wako Hamisi, mwambie kanzu ya shemeji asiikate mpaka nije. Dada yako Mwanaidi nimembebea maharage ya huku, na mwanawe mchanga mbusu kwa niaba yangu.

Naikunja hapa. Mzee ananiita nipeleke chai bwawani, na leo ameagiza vikombe vitatu. Cha tatu najua ni chako, sikibebi.

Mimi mama yako,
Bi Zaina