Siku Niliyoanika Godoro Kabiro

Akinyi wangu,

Barua yako imenikuta mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Mamako anakusalimu.

Unauliza kwa nini kodi hupanda na chumba ni kile kile. Miaka ya tisini, nikiwa mpangaji kule mtaa wa Kabiro, nilianika godoro langu lililoloa mvua. Halijakauka, mama mwenye mtoto mgongoni akabisha. "Mathe, unahama? Nimeona godoro nje, natafuta chumba." Nikasema sihami. Wakafika wengine wawili, nao wakidhani nahama. Mwenye ploti, aliyenipangisha, akawaona. Jioni akaniambia, "Mwezi ujao utaongeza. Ukishindwa, wenye shida ya nyumba umewaona."

Nikaongeza. Tangu hapo nimegombana kwa kalamu, kwa barua za malalamiko, na wakubwa wengi, lakini yule mama wa mtoto mgongoni sikuweza kumkasirikia. Akiondoka aliniuliza kama najua kwingine kunakohamwa. Hata leo sijui ningemwelekeza wapi.

Nyanya yako,
Riruta